Jembe, Si Sururu

"Usishuke humo, Inspekta," Kapteni Nathaniel alisema. "Vijana wangu hawajamaliza kukagua."

"Hapa chini yangu wameshakagua?"

"Hapo ndiyo. Kona ile bado."

"Basi nitaishia hapa."

Inspekta Adongo alivua viatu, akaviacha juu ya rundo la mawe ya msingi, akateremka mtaroni akiwa peku. Mtaro ulikuwa wa kina cha magoti, umechimbwa na mtu anayeijua kazi yake, kingo zimenyooka kama zilizokatwa kwa kisu. Unyoofu huo uliishia kwenye shimo la mlipuko. Hapo ardhi ilikuwa imepasuka, mchanga wa kijivu umetawanyika pande zote, na mtu mwenye huruma alikuwa amemwaga majivu juu yake ili damu isionekane.

Aliyekufa hapo jana mchana aliitwa Shigela. Alikuwa mwashi, na msingi aliokuwa akiuchimba ulikuwa wa nyumba yake mwenyewe. Mshindo ulisikika mpaka Buswelu. Jioni haijafika, kijiji kizima cha Lugobola kilikuwa na jibu mkononi: wanajeshi wamerusha kombora likavuka mpaka wa uwanja wao wa mazoezi, likamwua mtu shambani kwake. Asubuhi hii walikuwa wameuchukua mwili hospitali, lakini badala ya kwenda kuzika, waliliweka jeneza juu ya benchi katikati ya barabara ya kambini, wakaketi kulizunguka. Malori matatu yaliyobeba makombora ya mazoezi ya kesho yalikuwa yamekwama ng'ambo ya pili ya jeneza hilo.

Kamanda wa polisi wa mkoa alikuwa amempa Adongo mpaka jua lizame. Baada ya hapo angeleta kikosi cha kutuliza ghasia kifungue barabara. Adongo alikuwa ameyaona mawe waliyoyakusanya vijana wa Lugobola kando ya njia, na hakuhitaji kuambiwa siku ingeishaje kikosi hicho kikifika.

"Mara ya mwisho mlipiga mizinga lini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Tangu nihamishiwe hapa mwanzoni mwa mwaka hatujapiga hata mmoja. Mazoezi ya mwisho ni ya mwaka jana, kabla sijaja."

"Kuna anayeweza kuthibitisha?"

"Inspekta, unadhani mzinga ukipigwa naweza kuuficha?"

Adongo aliokota sururu iliyolala mtaroni. Mpini ulikuwa umevunjika, na ncha ya chuma ilikuwa imechanua kama ua. Akaigeuzageuza, akaiweka chini. Kisha akaokota kipande cha chuma, kikubwa kama kiganja cha mtoto, akakitazama juani. Kwenye kingo kilikuwa kinang'aa. Upande wa nje kilikuwa na kutu nzito, kutu ya kubanduka kwa ukucha.

"Koplo," aliita, "njoo uone."

Koplo Ngosha, dereva wake na mkalimani wake wa Kisukuma, aliinama ukingoni.

"Kombora linaloshuka kutoka angani huja kwa mshazari," Adongo alisema. "Hutupa udongo mbele zaidi kuliko nyuma. Hili limetupa udongo sawasawa kila upande, tena limefumua kutoka chini kuja juu. Na chuma chake kina kutu. Kutu hii haipatikani hewani kwa siku moja."

"Kwa hiyo lilikuwa limelala ardhini," Ngosha alisema.

"Lilikuwa limelala, na sururu ikaliamsha."

Kapteni Nathaniel alishusha pumzi ndefu. Alikuwa kijana bado, sare yake imepigwa pasi vizuri. Tangu asubuhi alikuwa akizungumza kama mtu aliyebeba chungu cha maji kichwani.

"Basi naomba ukawaambie wale watu barabarani. Hatukurusha kitu."

"Nitawaambia nusu, halafu wataniuliza nusu ya pili." Adongo alipanda kutoka mtaroni. "Bomu ni lenu. Ni la zamani, ila ni lenu. Na mpaka wenu ni ule pale." Akaonyesha nguzo nyeupe ya zege iliyosimama upande wa kambi, umbali wa kurusha jiwe. "Limefikaje huku?"

"Limeletwa," Kapteni alisema upesi. "Siku hizi kila chuma ni biashara. Watu wanaingia uwanjani kwa kuiba wanaokota mabaki, wanayapeleka Igogo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Huyu marehemu huenda alilificha mwenyewe, akasahau alipolifukia."

"Huenda."

"Au jirani yake." Kapteni alitazama upande wa kijiji. Nyuma ya msingi ule, bondeni, mabati mapya ya nyumba tatu yalimeremeta, na kati yake mitaro mingine ya msingi ilikuwa imekatwa huku na huku. "Tangu viwanda vya minofu vifunguliwe mjini, kila mwenye kuuza sangara Kirumba anataka kiwanja. Waliotangulia hapa wananiambia zamani ukisimama kilimani ulikuwa unaona mihogo na fisi tu. Mimi kila nikiamka naona bati jipya. Vijana ninaowafundisha wanatakiwa wajifunzie mahali fulani, Inspekta. Siwezi kuwafundishia ziwani."

"Kesho mtapiga wapi?"

"Mwisho kabisa wa uwanja. Pale penye vichuguu vyekundu, kwa mujibu wa ramani. Wapigaji wako nyuma ya kilima, hawaoni shabaha. Wanapewa hesabu tu. Amri imetoka juu na saa imepangwa."

Adongo alivaa viatu.

"Twende Igogo," alimwambia Ngosha.

Uwanja wa Collins wa chuma chakavu ulikuwa karibu na reli, umezungushiwa mabati yaliyotoboka. Ndani kulikuwa na fremu za baiskeli, injini za boti, na mapipa yaliyobondwa. Collins mwenyewe, mnene, alinyanyuka kwenye kiti alipoona Landrova ya polisi, na alipomtambua Adongo kwa sura na umbo kuwa ni mtu wa kwao Mara, uso ukamchangamka.

"Misawa, nyamera!" alimsalimu kwa Kijaluo.

"Habari za mchana," Adongo alijibu. "Tuongee Kiswahili, Koplo naye asikie."

Uchangamfu ukapungua.

"Nimekuja kwa ajili ya vyuma vya jeshi."

"Dada yangu, mimi sinunui mali ya serikali. Wanakuja hapa nawafukuza."

"Mtu amekufa Lugobola, Collins."

"Nimesikia. Mungu amlaze pema."

"Nikianza kufukua hapa uwanjani kwako nikakuta bomu zima, nitakuondoa wewe na majirani zako wote wa mtaa huu, mpaka liondolewe. Nikikuta vipande tu, na ukanieleza ukweli, nitaandika kwamba ulisaidia upelelezi."

Collins alitazama rundo lililokuwa pembeni, chini ya turubai. Hakujua kwamba ametazama. Adongo alikwenda moja kwa moja akalifunua. Kulikuwa na vipande vya kombora, vingi vimepinda, na mikia kadhaa yenye mapezi kama ya samaki. Akachukua mmoja. Ndani ya mapezi kulikuwa na udongo umekauka. Alipousugua kwa kidole ulitoka mchanga wa kijivu.

"Nani analeta?"

"Watu mbalimbali. Naapa, si mmoja."

"Wezi wa uwanjani?"

"Wezi gani, dada! Watu wazima na familia zao. Wanachimba msingi wa nyumba, wanakuta vyuma, wanaona bora wapate hela ya sabuni. Leo mmoja, wiki ijayo mwingine. Nikawauliza, jamani, hiki kijiji mmejenga juu ya gereji? Wakacheka."

"Wote wanatoka Lugobola?"

"Wote. Kule bondeni, viwanja vipya. Kutoka pengine hawaleti."

Adongo alirudisha turubai. Ngosha alimfuata mpaka kwenye gari kabla ya kusema lililokuwa moyoni.

"Afande, kama vyuma viko kwenye kila msingi, Kapteni amekosea. Hakuna mtu anayeweza kuficha mabomu bonde zima."

"Hakuna."

"Basi makombora yalianguka pale pale."

"Mengi, tena kwa miaka." Adongo alifunga mlango. "Ama wanajeshi walikuwa wakivuka mpaka wao kila mara na hakuna aliyelalamika, ama kuna kitu kuhusu mpaka ule sijakiona. Endesha."

Waliporudi, jua lilikuwa limepita utosi. Watu barabarani walikuwa wameongezeka, na kijana mmoja aliupiga ubavu wa Landrova kwa kiganja ilipokuwa ikipita. Karibu na jeneza aliketi mzee mwembamba mwenye koti zito licha ya joto, fimbo magotini. Watu walikuwa wakimwendea na kuinama kabla ya kusema naye. Ngosha alisema ndiye Mzee Malimi, mkwe wa marehemu. Ndiye aliyeamua jeneza likae hapo.

Adongo hakusimama. Alikwenda msibani, kwa mjane.

Justa alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, wanawake wamemzunguka. Macho yake yalikuwa makavu. Adongo alivua viatu mlangoni, akaketi mkekani naye, akampa pole, akakaa kimya kama inavyotakiwa msibani. Kisha akaomba waachwe wawili. Wanawake walimtazama Justa, naye akaitikia kwa kichwa.

"Wamemwua mume wangu, halafu wanakutuma wewe uje uniambie ni bahati mbaya?"

"Hakuna aliyenituma kusema hivyo, mama. Nataka kujua kiwanja kile mlikipataje."

"Baba alitupa. Ni ardhi ya ukoo. Babu yangu alilima pale."

"Na wale wengine, wenye nyumba za bati?"

"Nao kila mmoja alipewa na Baba. Shamba lilikuwa limefungwa muda mrefu, likafunguka. Baba alisema wanajeshi wamerudisha mpaka nyuma."

"Alisema wamerudisha?"

"Ndiyo. Alituonyesha nguzo." Justa alijifuta paji la uso. "Shigela alifurahi kama mtoto. Tulikuwa tunapanga chumba Igogo, maji yanaingia kila mvua ikinyesha. Akasema sasa tutalala kwetu. Baba naye alifurahi. Alimpenda Shigela kuliko wanawe. Alikuja kila siku kumtazama akichimba. Akawa anamwambia chimba taratibu, chimba kwa jembe, sururu usiitumie."

Adongo hakutikisika.

"Kwa nini asitumie sururu?"

"Alisema pana mawe, sururu itakatika. Shigela alimcheka. Akamwambia, Baba, mahali pa mawe ndipo pa sururu, mchanga ndio wa jembe. Lakini kwa heshima akawa anatumia jembe Baba akiwepo. Jana Baba alikwenda mnadani, ndipo akaichukua sururu ili amalize upesi."

Maneno yalikuwa yametoka yote kwa wepesi, kama ya mtu anayemsifu baba yake. Sasa aliona namna Adongo alivyokuwa akimtazama.

"Mbona unanitazama hivyo?" Justa aliuliza.

"Pale mtaroni hapana mawe, mama. Nimesimama ndani yake leo asubuhi. Ni mchanga mtupu."

Adongo aliinuka, akamgusa begani, akatoka.

Nguzo ya mpaka ilikuwa ya zege, urefu wa kiuno cha mtu, imepakwa chokaa nyeupe. Asubuhi Adongo alikuwa ameiona kwa mbali. Sasa aliizunguka, kisha akapiga magoti. Chokaa iliishia mahali pasipo na maana, kiganja kizima juu ya ardhi. Kuanzia hapo mpaka chini, zege lilikuwa uchi, na lilikuwa na rangi.

"Koplo, udongo wa hapa ni wa rangi gani?"

"Kijivu. Sisi tunauita luseni."

"Na huu uliogandamana na nguzo?"

Ngosha aliinama. "Mwekundu."

"Nguzo ilizikwa kwenye udongo mwekundu kwa miaka, mpaka ukaishika. Halafu ikaja kusimama kwenye mchanga, tena haikuzikwa vizuri kama mwanzo." Alipitisha kidole shingoni mwa nguzo, ambako chokaa ilikuwa imekwanguliwa kwa mviringo na kuacha alama za kutu, moja baada ya nyingine, kama pete za mnyororo. "Na haikuja kwa miguu yake. Ilikokotwa."

"Wanajeshi wana magari ya kukokota."

"Wanajeshi wangeng'oa nguzo zao wakazisogeza karibu na kambi yao, wakajipunguzia uwanja? Kisha wakaacha kupaka chokaa huku chini?" Alisimama. "Udongo mwekundu uko wapi hapa?"

Ngosha aligeuka polepole. Kutoka pale walipokuwa, njia ya miguu iliteremka bondeni, ikapita kati ya nyumba tatu za bati, ikapanda ng'ambo. Huko juu, mbali kupita nyumba ya mwisho, vilionekana vichuguu vyekundu.

Waliifuata njia hiyo bila kutoka nje yake. Katika nyumba ya kwanza mwanamke alikuwa akianika mihogo. Katika ya pili mtu alikuwa akipiga misumari kwenye fremu ya dirisha, na redio ikimwimbia. Walipofika kwenye vichuguu, Adongo alikuta alichokuwa akikiogopa. Mstari wa visiki vya minyaa, miti ya ua wa mpakani, ulikata nyasi, umenyooka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ua huo ulikuwa umefyekwa, lakini minyaa haifi kirahisi. Visiki vilikuwa vimechipua upya. Na kati ya visiki, kando ya kichuguu, palikuwa na shimo la mraba lililojazwa nyasi, upana wake sawa na nguzo.

"Huu ndio mpaka," Ngosha alisema kwa sauti ndogo.

Adongo aligeuka akatazama walikotoka. Nyumba tatu, mitaro, mihogo juani: vyote vilikuwa ndani ya uwanja. Na kesho wapigaji mizinga, wakiwa nyuma ya kilima, wangepewa hesabu za mahali penye vichuguu vyekundu.

"Chukua gari," alisema. "Mlete Kapteni na ramani yake. Mwambie asitume mtu, aje mwenyewe."

Mzee Malimi alikuwa ameondoka barabarani kwenda kunywesha ng'ombe wake. Adongo alimkuta zizini. Maksai wawili wenye nundu kubwa walikuwa wamesimama wamefungwa nira, na mnyororo wa plau ulining'inia mtini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umekuja kutwambia tuondoke barabarani?"

"Nimekuja kukuuliza kwa nini ulimkataza Shigela sururu."

Mzee aliendelea kumwaga maji kwenye mtumbwi mkongwe uliokuwa hori la ng'ombe. Hakumwaga tone nje.

"Mawe," alisema.

"Nimetoka kwa vichuguu vyekundu. Nimeona visiki vya minyaa. Nimeona shimo ambamo nguzo ilikaa."

"Wanajeshi walihamisha."

"Nguzo ina alama za mnyororo." Adongo aliutazama mnyororo mtini, kisha maksai. "Nikiuchukua ule nikauzungusha kwenye nguzo, utakaa kwenye alama au hautakaa?"

Ndoo ilisimama hewani. Ng'ombe mmoja alisukuma kichwa chake kwenye mkono wa mzee akidai maji, naye akamsukuma polepole.

"Walikuja wakati wa vita vya Amin," Malimi alisema hatimaye. "Nchi ilikuwa na vita, hatukubisha. Mtu aliyekuja kutupimia alisema ni kwa muda, vita vikiisha mtarudi. Vita vikaisha. Baba yangu akafa akingoja, nikaomba nimzike shambani kwake, nikaruhusiwa kuingia nusu siku. Kaburi lake liko mle. Kila wakipiga mizinga nilikuwa nahesabu kama limepigwa au halijapigwa."

"Ukaamua kulitoa."

"Kaburi halihami, mama. Nikahamisha nguzo. Baada ya mazoezi ya mwisho. Mkubwa wa zamani wa kambi alikuwa ameondoka, huyu mgeni huzitazama kwa darubini toka kilimani, anaona nyeupe, anaridhika."

"Na vyuma ulivijua."

"Niliviokota nyuma ya plau. Kwa mikono hii. Nikavitupa korongoni, nikapita tena na tena, nikadhani nimemaliza." Sauti yake ilikwaruza. "Nilidhani nimemaliza."

"Hukudhani. Ungedhani, usingemwambia achimbe kwa jembe."

Malimi aliketi kwenye ukingo wa hori.

"Watu wa mjini wanakuja kila siku. Wanaulizia ardhi kama wanavyoulizia njia. Ningewaambia nini? Kwamba si yangu? Ni yangu!"

"Na jana, ulipoonyeshwa mwili wake, ulijua kilichomwua. Ukawaambia watu ni kombora la jeshi."

"Ningemwambia nini Justa?"

"Kesho asubuhi wanapiga pale penye vichuguu. Ramani yao haijui kwamba ulihamisha nguzo. Katika nyumba zile watu watakuwa wamelala."

Mzee aliinua uso. Hilo hakuwa amelijua. Adongo aliliona likimwingia kama maji yanavyoingia katika mchanga.

"Mimi wakinisikia nikisema mpaka umehamishwa, watadhani nimenunuliwa na kambi," Adongo alisema. "Wewe watakuamini. Jua linashuka na kikosi kiko njiani. Pingu ninazo, lakini sitazitoa mpaka umalize kusema."

Kapteni Nathaniel alikuwa amefika barabarani, ramani mkononi, uso umepoteza rangi. Hakuwa na haja ya kuelezwa mara mbili. Alikuwa ameketi kwenye boneti la Landrova akipima kwa vidole, na kila alipopima vidole viliangukia juu ya nyumba.

"Nitasimamisha mazoezi," alimnong'oneza Adongo. "Nitashtakiwa, lakini nitasimamisha. Ila mabomu yaliyoko ardhini siwezi kuyaamuru. Lazima watu wa bondeni watoke leo."

Malimi alisimama karibu na jeneza. Kelele zilikatika zenyewe. Alizungumza Kisukuma, bila kupaza sauti, akiwa ameshika ubao wa jeneza kwa mkono mmoja. Adongo hakuelewa maneno. Alizitazama nyuso. Kwanza zilikuwa zikiitikia. Kisha zikaacha kuitikia. Kijana aliyekuwa ameshika jiwe alilitazama kana kwamba hajui limefikaje mkononi mwake. Mwanamume mmoja aligeuka ghafla akaanza kukimbia kuelekea bondeni, akiita jina la mtoto. Mwingine alimrukia mzee, akamkamata ukosi wa koti, na Ngosha akaingia kati yao kwa kifua.

"Mwacheni!"

Alikuwa Justa. Alikuwa amekuja kutoka msibani, khanga imemwanguka begani, na watu walimpisha. Alikwenda mpaka mbele ya baba yake. Malimi alimwita kwa jina. Hakuitika. Aliwageukia watu, akasema kwa Kiswahili, ili Kapteni na Inspekta nao wasikie.

"Mtoeni mume wangu barabarani. Mkamzike kwao. Na watoto wa kule chini mkawatoe kabla ya giza."

Wanaume sita waliliinua jeneza. Barabara ikabaki wazi. Kapteni Nathaniel aliinua mkono kwa dereva wa lori la kwanza, akauzungusha, na malori yakaanza kurudi nyuma moja moja, yakirudi kambini na mzigo wake.

Adongo alitoa pingu. Malimi alinyoosha mikono kabla hajaombwa.

"Mama," alisema, "njia ile ya kati ni salama. Lakini nyumba ya mwisho ina mbuzi nyuma, na mwenye nayo atapita nyuma kuwafungua. Huko niliona vyuma nikavifukia tu. Niko radhi nitangulie."

Kapteni alitikisa kichwa. "Ni mshukiwa. Na uwanja ule haujakaguliwa."

"Una mtu mwingine anayejua vilipo?" Adongo aliuliza.

Kapteni alikunja ramani. Bondeni, mwanamume aliyekimbia alikuwa ameshafika kwenye nyumba ya kwanza. Sauti za watu wakiitana zilipanda.

Adongo alizirudisha pingu mfukoni. Mzee Malimi alivua koti lake zito, akamkabidhi Ngosha, akashika fimbo, akaingia bondeni akigusa ardhi kwanza kabla ya kuikanyaga. Nyuma yake Inspekta alivua tena viatu, na nyuma ya Inspekta Kapteni na askari wake wakajipanga mstari mmoja. Kila mmoja aliweka mguu pale mzee alipouinua wake.